Kununua Gitaa si Kupiga Gitaa



Kila mwaka, likizo kubwa inapokaribia, vijana kadhaa hunijia na swali moja: «Mwalimu, tununue gitaa la namna gani?» Huuliza kwa heshima na kwa hamu, nami hufurahi kuona kwamba bado wako vijana wanaotamani kupiga muziki kwa mikono yao wenyewe, badala ya kuusikiliza tu kwenye simu. Lakini katika miaka yote niliyoulizwa swali hilo, ni wachache mno walioniuliza lile ambalo kwa maoni yangu lingetangulia: «Mwalimu, tuanze na wimbo gani?»

Tafakari hii inahusu umbali ulioko kati ya maswali hayo mawili. Swali la kwanza linaelekea dukani. La pili linaelekea kwenye kiti, saa ya jioni, mtu akiwa na chombo magotini na vidole vinavyouma. Wengi wetu tunadhani kwamba njia ya dukani ni mwanzo wa safari ile ile. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi, hata hivyo, mtu anayeishika njia hiyo hurudi dukani tena na tena, wala hafiki kwenye kiti.

Nitawapa mfano wa kijana ninayemfahamu vizuri, kwa kuwa ni mtoto wa dada yangu. Amenikubalia nisimulie habari zake mradi nisitaje jina. Mpwa wangu ana kibanda kidogo cha kuuzia vocha za simu na kutuma pesa. Ni kijana mwenye bidii na mwenye sikio jema. Alianza kwa gitaa la mbao aliloazimwa na jirani, na katika miezi mitatu alikuwa amejua nyimbo nne kwa ukamilifu. Watoto wa mtaa walikuwa wakimzunguka jioni, naye alipiga akicheka. Baadaye jirani akahama na gitaa lake, na mpwa wangu akaamua kununua la kwake. Hapo hakuna lawama hata kidogo.

Alinunua gitaa la umeme kwa dola 130. Kwa kuwa gitaa la namna hiyo halisikiki vema bila chombo cha kuikuza sauti, alinunua amplifaya kwa dola 90. Alipoona katika video kwamba wapiga gitaa wakubwa hukanyaga pedali inayobadilisha sauti, akatafuta ya kwake kwa dola 45. Kisha mkoba wa kulibebea, dola 20. Kigango cha kulisimamishia, dola 13. Na kapo, kile kibanio kinachofungwa shingoni mwa gitaa ili kupandisha sauti, dola 7. Ukijumlisha utapata dola 305, na yote hayo yalipita katika muda usiotimia mwaka. Katika muda huo huo, nyimbo alizozijua zilibaki nne zile zile.

Siku moja alinijia nyumbani. «Mjomba,» akasema, «nakuomba unikopeshe dola 40. Kuna pedali nyingine, ya mwangwi. Nikiipata hiyo, nitakuwa nimekamilika.» Nikamwambia, «Mwanangu, keti kwanza. Nipigie wimbo mmoja.» Akashika gitaa langu la zamani, akaanza vizuri, akafika katikati, akasimama. Akajaribu tena, akasimama pale pale. Mahali alipokwama palihitaji akordi ya fa, ile ambayo kidole cha shahada hulazwa juu ya nyuzi zote sita na kuzibana kwa pamoja. Kila mwanafunzi wa gitaa anaifahamu kero hiyo. Hakuna pedali duniani inayoweza kumbania mtu nyuzi sita.

Ningekuwa nimeishia hapo kama jambo lingekuwa la muziki peke yake. Lakini dada yangu alikuwa katika likelemba na akina mama wenzake sokoni, na zamu yake ya kupokea, dola 100, ilikuwa imewekewa shabaha tangu mwanzo: kumlipia binti yake gharama za mwaka wa sita na za mtihani wa taifa. Zamu ilipofika, kaka mtu aliomba akopeshwe fedha hizo «kwa wiki mbili tu», ili asikose amplifaya iliyokuwa ikiuzwa kwa bei ya chini. Wiki mbili zikawa miezi miwili. Shule haikungoja. Mama alitoa sandukuni vitenge viwili alivyokuwa ameviweka kwa ajili ya harusi ya binti huyo, akaviuza. Binti alifanya mtihani wake. Hakumtupia kaka yake neno. Aliendelea kumwita «yaya» kama kawaida. Lakini kuna jioni moja amplifaya iliponguruma uani, naye akaondoka polepole na daftari lake kwenda kusomea kwa jirani. Mpwa wangu aliniambia kwamba hatua zile alizisikia kuliko muziki wake mwenyewe.

Sasa tujiulize kwa utulivu: kijana mwenye akili na moyo mwema anafikaje hapo? Si uchoyo, wala si ujinga. Naona sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni kwamba kununua ni rahisi kuliko kujifunza, na kunatoa hisia inayofanana na ya kusonga mbele. Unapotoka dukani na kitu kipya unajiona umepiga hatua. Jana hukuwa nacho, leo unacho. Tofauti inaonekana kwa macho. Mazoezi hayana fadhila hiyo. Leo umefanya nusu saa, na sauti inatoka vile vile kama jana. Kesho hivyo hivyo. Ncha za vidole zinauma majuma ya kwanza mpaka ngozi ikomae. Ukuaji wa namna hii hufanana na ule wa muhogo, unaofanyika chini ya udongo ambako jicho halifiki. Mtu asiyejua hivyo hukata tamaa, na anayekata tamaa hutafuta kitu cha kununua.

Sababu ya pili ni kwamba kitu kipya hakiji peke yake. Mwandishi Mfaransa Denis Diderot alieleza jambo hili katika insha yake ya mwaka 1769 kuhusu joho la nyumbani. Alikuwa na joho kuukuu alilolizoea, kisha akapata jipya zuri, jekundu. Alipolivaa, akaona kwamba vyombo vingine vya chumbani mwake havilistahili. Kiti cha majani kikaondoka, kikaja cha ngozi. Na vitu vingine vikafuata kimoja baada ya kingine. Mwishoni alijikuta ana chumba cha fahari, lakini akililia joho lake la zamani, ambalo halikumdai chochote. Mwaka 1988 mwanaanthropolojia Grant McCracken alilipa jambo hilo jina la mwandishi huyo. Angalieni orodha ya mpwa wangu: gitaa lilidai amplifaya, amplifaya ikadai pedali, pedali ya kwanza ikadai ya pili. Kila ununuzi ulikuwa na sababu yake ya maana ukiutazama peke yake. Kosa halikuwa katika hatua yoyote moja, bali katika kutojua ngazi hiyo inapandia wapi.

Sababu ya tatu ni ya siri zaidi. Mtu ambaye hajapata chombo kamili ana udhuru. Anaweza kusema, «Sipigi vizuri kwa sababu sina pedali,» na maneno hayo yanamlinda. Siku atakapopata kila kitu, udhuru utakwisha, na atabaki yeye na vidole vyake. Ndiyo maana daima kuna kitu kimoja kinachokosekana. Tunaogopa kukutana na kipimo chetu halisi, nasi tunalipia ucheleweshaji wa siku hiyo kwa dola taslimu.

Historia ya muziki wa nchi yetu inatufundisha kinyume chake, nasi hatuna haja ya kutafuta walimu mbali. Jean-Bosco Mwenda, mwana wa Bunkeya huku kwetu Katanga, aliyezaliwa mwaka 1930, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952. Wimbo wake Masanga ni mtu mmoja na gitaa moja la mbao, bila umeme. Alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Anayeusikiliza kwa mara ya kwanza hudhani wako wapigaji wawili, kwa maana gumba linashika mwendo wa chini huku kidole kingine kikisimulia habari nyingine juu yake. Hadi leo wapiga gitaa wa mabara mengine huketi na kujifunza wimbo huo sauti kwa sauti. Kilichowashinda si chombo cha Mwenda. Ni gumba lake.

François Luambo, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Franco, alizaliwa Sona Bata mwaka 1938. Akiwa mtoto mdogo mjini Kinshasa, ambao wakati huo uliitwa Léopoldville, alijitengenezea gitaa la kopo na nyuzi za waya wa umeme, akalipiga karibu na meza ya mama yake aliyekuwa akiuza mikate ya mafuta sokoni, ili wateja wavutike. Baadaye Paul Ebengo Dewayon akamfundisha kwa gitaa la kweli. Mwaka 1956 akawa miongoni mwa waanzilishi wa OK Jazz. Tuseme ukweli wote: Franco alipokuwa mtu mzima alipiga magitaa mazuri ya gharama. Lakini magitaa hayo yalimkuta mkono ukiwa tayari na kazi ya kuyapa.

Mfano mwingine ni wa Mingiedi Mawangu, mwanzilishi wa kundi la Konono No. 1 la Kinshasa. Yeye alipiga likembe, chombo kidogo chenye sauti ya upole ambacho mji wenye kelele ulikuwa ukikimeza. Hakungoja aletewe mitambo. Alitumia sumaku kutoka katika vipuri vya magari makuukuu kutengeneza vinasa sauti, na mlio wa kukwaruza uliotokea ukawa ndio alama ya muziki wao. Albamu yao ya mwaka 2004, Congotronics, ilisikika pande nyingi za dunia. Hapa chombo kilitafutwa kwa sababu muziki ulikuwako tayari, nao ulihitaji kusikika barabarani. Huo ndio mpangilio ninaotaka tuutazame: haja ilitangulia, chombo kikafuata.

Na kwa wale wanaoimba kwaya, wakumbuke Kamina. Huko Padri Guido Haazen aliwakusanya wavulana na walimu, na mwaka 1958 wakaimba Missa Luba: sala za Misa katika Kilatini zikitembea juu ya mapigo na mitindo ya nyumbani, kwa sauti za watu na ngoma. Mwaka huo huo waliimba Ulaya. Leo nasikia kwaya zikilalamika kwamba haziwezi kujifunza wimbo mpya mpaka kinanda cha umeme kinunuliwe, kisha spika, kisha mikrofoni za ziada. Na umeme ukikatika katikati ya ibada, sauti za nne hazionekani tena, kwa sababu hazikuwahi kujifunzwa.

Hata hivyo nisingependa mtu aondoke hapa akisema kwamba mwalimu ametukataza vyombo vizuri, au kwamba umaskini ni shule bora. Sivyo. Gitaa ambalo shingo yake imepinda, ambalo nyuzi zake ziko juu mno hata zinakata vidole, au ambalo halishiki sauti kwa dakika tano, linamtesa mwanafunzi na kuliharibu sikio lake. Mtu aliye na chombo cha namna hiyo ana haja ya kweli. Nilipokuwa chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchi ikiwa bado inaitwa Zaire, tulikuwa wanafunzi wanane bwenini na gitaa moja. Uzi ulipokatika, tulichambua waya wa breki ya baiskeli na kuufunga mahali pake. Ulipiga, lakini uliuma, na sauti yake ilikuwa ya kusikitisha. Tungepata nyuzi mpya tungeshukuru.

Lakini katika bweni lile nilipata jambo ambalo sijaliona likiuzwa. Kila mmoja alikuwa na zamu ya dakika ishirini, na saba waliobaki waliitazama mikono yake. Kwa hiyo kwa kila dakika ishirini za kupiga, nilikuwa na zaidi ya saa mbili za kutazama na kusikiliza. Zamu ilipofika, vidole vilikuwa vimekwisha kungoja kwa njaa. Hakuna aliyesema «nitafanya mazoezi kesho», maana gitaa lilikuwa linaondoka mikononi mwake baada ya muda mfupi. Uchache wa chombo ulitufanya tukipende kile tulichokuwa tukikifanya.

Yaliyosemwa juu ya gitaa yanahusu na mengine. Yuko anayebadilisha viatu vya kandanda kila msimu, naye huchoka kabla ya nusu ya kwanza kwisha. Yuko mpiga picha mwenye lenzi tatu ambaye hajawahi kuamka alfajiri kuufuata mwanga. Yuko dada mwenye cherehani ya umeme yenye mishono mingi, na hajamaliza gauni moja. Hao wote walianza kwa kupenda kitu kizuri. Upendo huo haukufa. Umefunikwa tu na maboksi.

Basi, tufanye nini? Nawapa mambo manne ambayo kijana anaweza kuyatenda bila kuomba msaada kwa mtu.

Jambo la kwanza: kabla ya kununua kifaa, taja kwa sauti wimbo ambao huwezi kuupiga kwa sababu tu huna kifaa hicho. Ukiweza kuutaja, na umekwisha kujaribu kwa uaminifu ulichonacho, haja yako ni ya kweli. Ukishindwa kuutaja, weka fedha mfukoni.

La pili: tunza ulichonacho. Gitaa lililochoka mara nyingi limechoka nyuzi tu. Seti mpya ya nyuzi inaweza kulirudishia sauti kwa sehemu ndogo sana ya bei ya gitaa jipya. Lipanguse kwa kitambaa kikavu baada ya kupiga, kwa maana jasho hulisha kutu. Usiliache juani, na wakati wa kiangazi, hewa inapokauka, liweke mkobani, kwa sababu mbao hupungua na shingo hucheza.

La tatu: hesabu muda kama unavyohesabu fedha. Nusu saa kila siku kwa mwaka mmoja ni zaidi ya saa 180. Mpwa wangu alipofanya hesabu yake, aliona kwamba saa alizozitumia kutazama video za watu wakilinganisha magitaa zilizidi hizo, mbali na gharama ya intaneti. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba kinaweza kujazwa pia kwa visivyofaa.

La nne: uliza fedha hizo ni za nani. Zipo fedha zilizo mfukoni mwako ambazo tayari zina mwenyewe: ada ya mdogo wako, dawa ya bibi, deni la rafiki. Furaha inayonunuliwa kwa fedha za namna hiyo haichezi vizuri mikononi.

Mtaniuliza ilikuwaje kwa mpwa wangu. Dola 40 sikumpa. Nilimpa saa moja kila Jumamosi, tukaishughulikia akordi ya fa mpaka ilipokubali, jambo lililochukua wiki saba. Pedali na amplifaya aliziuza kwa zaidi kidogo ya nusu ya bei aliyonunulia. Akampelekea mama yake kitenge kimoja. Cha pili bado anakidaiwa, naye anajua. Bado hutazama magitaa kwenye simu, na siku moja atanunua jingine, nami nitamsindikiza dukani kwa furaha. Sasa anazijua nyimbo kumi na moja. Ule wa kumi na moja alijifunza kwa ombi la dada yake.

Kwa mazungumzo ya kikundi:

1. Ni kitu gani ulichokipenda ukiwa mtoto kabla hujajua bei ya vifaa vyake? Je, bado unakifanya?

2. Kikundi chetu kina vyombo gani vinavyolala bila kutumika? Nani angeweza kuvitumia wiki hii, na kwa zamu gani?

3. Ni udhuru gani unaokulinda usikutane na kipimo chako halisi?

4. Kila mmoja achague jambo moja analolipenda, alifanye nusu saa kila siku kwa mwezi mmoja kwa vifaa alivyo navyo, bila kununua chochote. Tutakapokutana tena, asituambie habari zake, atuonyeshe.